Siku Niliyokunywa Kwanza

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana aliyetupa pumzi ya kufika hapa leo. Asifiwe yeye, tukiamka na tukilala. Mimi ni mzee wa kanisa kutoka kijiji kimoja jirani na Nduguti, mkulima na mfugaji. Wengi wenu mnaifahamu sauti yangu, maana nimesoma Neno hapa mbele kwa miaka mingi. Leo sisomi. Leo nasimulia jinsi Bwana alivyoniinua kutoka kwenye kiti.

Kiti chenyewe kiko barazani kwangu, kilikuwa cha baba. Baba alikufa kwa kiharusi kabla ya kufikisha miaka sitini. Kaka yangu mkubwa akamfuata kwa ugonjwa huohuo, naye sitini hakuiona. Watu wa ukoo wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwamba wanaume wa nyumba yetu hawavuki hapo. Nilikuwa nayakemea maneno hayo. Lakini nilipopimwa na kuambiwa presha iko juu, moyo wangu uliyakubali kimyakimya. Nikawagawia watoto ng'ombe. Mvua zikanyesha, majirani wakapanda alizeti, mimi sikupanda; nilikaa kwenye kiti kile tangu asubuhi hadi jioni. Nilijiuliza, nani atavuna?

Ndugu zangu, nilikuwa nasali kila siku, na kila siku nilikuwa nangoja kufa. Yote mawili kwa pamoja. Msishangae, inawezekana.

Daktari wa kituo cha afya alinipa dawa, akaniambia nitembee. Sikutembea. Mke wangu alivumilia wiki kadhaa, kisha asubuhi moja akasimama mbele yangu na fagio.

"Baba Neema, ondoka nifagie."

"Anza na upande ule."

"Upande ule nimemaliza. Na kufa hakuhitaji kiti. Kangojee hukohuko barabarani, mimi nifanye usafi."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka kwa muda mrefu. Nikaondoka, nikafika hadi shule ya msingi, nikarudi. Kesho yake nikaenda tena. Baada ya muda miguu ikataka zaidi, nikaanza kukimbia kidogokidogo. Watoto wa shule wakawa wananiamkia huku wakicheka: "Shikamoo Babu, unafukuzwa na nani?"

"Marahaba. Nafukuzwa na bibi yenu."

Neema, binti yetu anayefundisha Singida Mjini, aliposikia habari hizo aliniambia kwamba kiangazi kutakuwa na marathoni pale mjini, kilomita arobaini na mbili na kidogo. Nilidhani ananitania, lakini neno lile lilinikaa. Siku ya mbio ningekuwa nimebakiza miezi michache kufikisha sitini. Nikamwambia Bwana: nikimaliza njia hiyo, nitapanda shamba langu. Nisipomaliza, nitarudi kwenye kiti, na mtu asinisumbue tena. Haikuwa sala nzuri, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Nilifanya mazoezi miezi mingi. Daktari akanipima tena, akaniruhusu, akasema, "Usishindane na mtu, Mzee. Na unywe maji."

Siku ya mbio tulianzia karibu na Ziwa Singidani, tukashika barabara ya kuelekea Ikungi, tugeuze njiani na kurudi. Vijana walitoka kama waliofunguliwa zizini. Mimi nilikwenda mwendo wa machungani, taratibu bila kusimama. Kando ya njia palikuwa na meza za maji. Nilizipita zote.

Wafugaji mtanielewa. Tangu utoto nilifundishwa kwamba mchungaji hanywi kabla ya ng'ombe. Mkifika lamboni, bwawa la kunyweshea mifugo, unasimama pembeni na kiu yako mpaka mnyama wa mwisho ainue kichwa. Mwili wangu haukujua namna nyingine. Kwangu mimi, kuona maji nikiwa njiani ni kusubiri.

Tulipokwisha kugeuza, jua likiwa kali, miguu ikakakamaa na macho yakaingia giza. Nikakaa kwenye jiwe kando ya lami. Nikasema moyoni, basi ni hapa. Sitini sijaiona, kama baba.

Mke wangu na Neema walikuwa wananifuata kwa bajaji. Mama Neema akashuka, akaniangalia midomo.

"Umekunywa?"

"Bado."

"Unamngoja nani?"

Akatazama huku na huku barabarani kana kwamba anatafuta kitu kweli.

"Baba Neema, ng'ombe wako wapi? Si uliwagawa? Leo hapa ng'ombe ni wewe. Kunywa."

Nikanywa, Neema akinimwagia maji kichwani. Na pale kwenye jiwe, ndugu zangu, ndipo Bwana aliponifungua. Nimefundisha miaka mingi kwamba Mungu ni mchungaji, lakini moyoni nilikuwa nasimama upande wa mwenye fimbo. Mimi ndiye niliyepima njia, mimi ndiye niliyejua itaishia wapi na kwa ugonjwa gani. Ng'ombe hajui lambo liko mbali kiasi gani. Anaujua mgongo wa mwenzake aliye mbele na sauti ya anayemchunga. Anakwenda, anafika. Nililia pale, watu wakadhani ni maumivu.

Nilipumzika mpaka macho yakatulia. Nikasimama. Nikatembea, nikakimbia, nikatembea tena, na kwenye kila meza nilisimama nikanywa. Nilipofika ziwani walikuwa wanakunja maturubai, na mtu wa kipaza sauti alikuwa anazungusha nyaya zake. Aliponiona akaziunganisha upya, akasema, "Jamani, subirini, kuna mzee."

Mvua zilipokuja nilipanda alizeti. Sitini niliivuka nikiwa napalilia. Siku yenyewe niliisahau, Mama Neema akanikumbusha jioni. Presha ninayo bado, na dawa natumia. Njia yangu imebaki ndefu au fupi, sijui, na siku hizi siulizi. Kiti bado kipo barazani, kuku anatagia chini yake.

Namshukuru Bwana, na ninamshukuru mwanamke aliyenijia na fagio. Nawe ndugu yangu uliyekaa leo ukipima mwisho wako kwa makaburi ya wazee wako, nakuomba uweke fimbo chini. Yuko anayekuchunga. Amesimama pembeni ya maji, naye hajanywa. Anakungoja wewe.