Mama Mizani na Namba Aliyokataa Kuibadili

Dada yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Mizani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili wa fundi cherehani na muuza nafaka. Kuhesabu alijifunzia dukani kwa mama, kwa punje za mahindi na maharage.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akasomea kazi ya maabara. Tarehe 4 Januari 1983 aliajiriwa kupima nafaka, na kwa miaka ishirini na sita alipima protini ambayo mbegu hujiwekea akiba ya kulishia mche. Nyumbani hatukula kwa raha. "Protini ya mahindi ina pengo, we mtoto," alimwambia mdogo wake, "na maharage ndiyo yanayoliziba. Hebu ongeza!"

Tarehe 20 Septemba 1986 aliolewa na dereva wa lori la mbegu, aliyemwanza kwa maneno haya: "Dada, unanuka dawa kuliko hospitali." Alicheka mpaka akakubali. Walijaliwa mabinti wawili.

Yaliyofuata familia haitayafunika. Juni 2009 ulipimwa unga wa uji wa watoto waliolazwa wodini kwa utapiamlo. Gunia liliandikwa mahindi na soya, protini gramu kumi na nne kwa kila mia. Alipima mara tatu, akapata nane. Soya haikuwamo hata chembe. Mkuu wake akamwita, akafunga mlango.

"Mama, andika kumi na nne, yaishe."

"Nikiandika, mtoto atakula namba?"

Kesho yake alihamishiwa ghalani, chumba kisicho na dirisha, apange magunia. Unga ukaenda wodini. Alipojua, alibeba mwenyewe majibu ya vipimo vyake akawaonyesha wauguzi, ndipo ukaondolewa. Wiki tano zilikuwa zimepita. Wiki tano, watoto wamevimba miguu, wanapewa uji mtupu! Hakuna aliyeulizwa mpaka leo.

Vumbi la ghala lilimla mapafu. Aliomba barakoa ya kuzuia vumbi kwa barua nne. Hakujibiwa hata moja. Alistaafu mwaka 2016 akihema kwa shida. Alilazwa tarehe 2 Mei 2019, akafariki tarehe 17, saa tatu asubuhi, mkono wake mkononi mwa mumewe.

Jana ofisi yake ilileta shada lililoandikwa "Mtumishi mtiifu." Binti mkubwa alilirudisha getini. "Mtiifu kwa nani?" aliuliza. Dereva wa ofisi akalirudisha garini.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na mdogo wake anayesoma wasifu huu. Dada apumzike kwa amani, na waliomfungia ghalani wakae mbali na kaburi lake.