Nyumba ya Bwera Asipewe Biira

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Nzanzu zima hiyo simu, kwa sababu kesho wananipasua na sina nguvu ya kusema jambo mara mbili. Nyumba ya Bwera asipewe Biira. Biira, ngoja nimalize. Kaswera, mpe wifi yako kiti.

Daktari amenieleza kinachonila. Kwenye kongosho kuna seli zinazotengeneza vimeng'enya vya kukata nyama, na kwa kuwa seli yenyewe ni nyama, huvifungia ndani ya vifuko vikiwa vimelala, mpaka vimwagwe kwenye utumbo, na huko ndiko huamshwa vikafanye kazi. Kwangu mimi jiwe la nyongo limeziba njia, vikaamkia humo humo kwenye seli, vikaanza kumla aliyevizaa. Nikamwambia, basi vitoeni vyote. Akacheka. "Mama, bila hivyo utakula samaki na asikufae kitu. Havina kosa. Vimeamka mahali ambapo si pao."

Nikalala nikimfikiria Biira.

Mwanangu, mdomo wako unakata. Pale Kikorongo madereva wa malori wanakuogopa kuliko afande wa kizuizi cha barabarani, na hoteli yangu imesimama kwa sababu hakuna anayekula pale akaondoka bila kulipa. Lakini ukifika Bwera, ukikosa wa kukata, unatukata sisi. Kaswera, mke wa ndugu yako, amelia mbele ya sufuria, mchungaji aliyekuja kuniombea aliondoka kabla ya amina, na fundi wa mabati hajarudi mpaka leo, ndiyo maana jiko linavuja.

Unauliza kama nakuita ugonjwa. Sikuiti ugonjwa. Nasema hoteli ya Kikorongo ni yako yote, pamoja na chumba cha nyuma na friji, na nyumba ya Bwera ni ya Nzanzu, ambaye hawezi kufukuza hata kuku, na watoto hulala vizuri kwa mtu kama huyo. Nzanzu, usiende Kikorongo kumsaidia dada yako, utalisha Uganda na Kongo bure. Biira, Krismasi njoo, msibani njoo, kula, cheka, kisha panda gari kabla vyombo havijaoshwa. Wala msigawane nusu kwa nusu ili watu wawasifu. Mtaharibu vyote viwili.

Sauti inakatika. Nipeni maji. Kidogo tu.

Nzanzu ameshakwenda kwa wauguzi kuniombea sindano ya maumivu, akarudi na pole zao. Kaswera naye akaenda, akaniletea jibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, kwamba wana kazi nyingi: "Mama, beko na kazi mingi, tungoje." Nami siwezi kungoja tena, tumbo linawaka.

Mungu awatunze, wanangu, awape usingizi na majirani wanaosalimia. Msinililie kabla ya wakati. Biira, futa macho, inuka. Wako mlango wa pili, wanakunywa chai. Nenda kaseme nao. Huko, mwanangu, usijizuie.