Kadzo wa Taru na Vyungu vya Kwa Vigae

Wasifu wa marehemu Monicah Kadzo Kenga (1980–2025)
Unasomwa na mdogo wake, Cornelius Shutu Kenga, nyumbani Taru, Jumamosi tarehe 25 Oktoba 2025

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu, majirani, na nyinyi wageni wetu mlioondoka pwani alfajiri, karibuni Taru. Najua baadhi yenu mmeshuka kwenye basi mkatazama kulia na kushoto mkitafuta maji. Hayapo. Hapa kuna vumbi, mbuzi na malori ya barabara kuu, na hapa ndipo alipozaliwa mwanamke aliyefanya kazi yake chini ya bahari. Mwenyewe aliniagiza nisisome maneno haya kwa sauti ya msiba. Alisema nikilia atanicheka huko aliko, nami namjua, atacheka kweli.

Monicah Kadzo alizaliwa tarehe 9 Machi 1980, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kenga Shutu, mfanyabiashara wa mbuzi, na Mama Umazi, ambaye ameketi hapa mbele. Alikuwa mtoto wa maswali. Kila kiangazi, lambo letu lilipokauka, watu wazima walishika vichwa, yeye alifurahi. Alishuka kwenye matope akaokota vitu vilivyozama wakati wa mvua: kijiko, bangili, kiatu cha mguu mmoja. Kisha alipita nyumba kwa nyumba kuuliza ni cha nani na kilianguka vipi. Bangili moja ilileta ugomvi katika ndoa ya watu, nikiwataja hapa hatutazika leo.

Alisoma shule ya msingi hapa Taru, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1995, akajiunga na shule ya bweni ya wasichana upande wa Matuga. Mwaka 1997 walimu waliwapeleka Diani, na hiyo ndiyo siku aliyoiona bahari kwa mara ya kwanza. Wenzake walikimbizana na mawimbi. Yeye alisimama maji yakiwa magotini, akamwuliza mwalimu wa jiografia chini kuna nini. Mwalimu akamjibu kuna samaki. "Na watu waliozama zamani, vitu vyao viko wapi?" Mwalimu akamwambia atoke majini akale, chakula kinapoa.

Mwaka 2000 aliingia chuo kikuu jijini Nairobi kusomea mambo ya kale. Baba alipoelezwa kwamba hiyo ni kazi ya kufukua yaliyoachwa na watu wa zamani, aliuliza, "Nimeuza mbuzi ili wewe ukachimbe mashimo?" Kadzo akamjibu kwamba hatachimba mashimo, nia yake ni mambo ya kale yaliyo baharini. Baba akatazama zizi lake, akasema, "Basi afadhali mashimo." Lakini siku ya mahafali, mwaka 2004, Baba ndiye aliyevaa koti la suti kwenye jua la mchana na kukataa kulivua hadi picha zote zipigwe.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na idara inayoshughulika na turathi, akapangiwa pwani ya kusini, akahamia Ukunda. Kulikuwa na shida moja tu: mtaalamu huyu wa vitu vya chini ya maji hakujua kuogelea. Hoteli moja ya Diani ilimruhusu kujifunza kwenye bwawa lake asubuhi, kabla wageni hawajaamka. Dirisha la jikoni lilitazama bwawa, na nyuma ya dirisha hilo alikuwapo mpishi kutoka Bungoma, Seth Wafula. Seth anasimulia kwamba siku ya kwanza alimwona mwanamke akipiga maji kwa miguu minne kama mbuzi aliyesombwa na mto, akatoka mbio na mwiko mkononi. "Madam, uko sawa? Usizame tafadhali, mimi mwenyewe sijui kuogelea!" Kadzo alishika ukingo wa bwawa, akacheka hadi akameza maji.

Basi ikawa kila asubuhi yeye anajifunza, Seth anamlinda bila kuweza kumwokoa. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009 katika kanisa la Ukunda, na Mungu akawajalia watoto wawili, Joan na Kitsao. Seth mpaka leo hajui kuogelea. Lakini kila mkewe alipokwenda kupiga mbizi na mtungi wa hewa mgongoni, yeye alikaa ufuoni na chupa ya chai ya tangawizi, na hakuna mbizi aliyoikosa ila siku ambazo mwajiri wake alimkatalia ruhusa.

Sasa nifike Mwabungo, maana huko ndiko alikoiacha roho yake. Wavuvi wa Mwabungo wana mahali, nje kidogo ya mlango wa mwamba ambako mitumbwi hutokea kwenda bahari kuu, wanapopaita Kwa Vigae. Tangu babu zao, nanga ikinaswa pale hutoka na kipande cha chungu. Mwaka 2014 Kadzo aliwaomba wampeleke. Alishuka, akakaa chini ya maji hadi Seth akaanza kusali kwa sauti. Chini palikuwa na mabaki ya chombo cha zamani na shehena yake ya mitungi, mingine mizima, imelala kwa safu kama ilivyopakiwa. Jioni hiyo alinipigia simu. "Cornelius, wamepanga! Nimeona mkono wa mtu aliyepanga!" Mimi nilidhani ameona mkono.

Kijiji kizima kilijua amepata dhahabu. Alipotoka majini bila kitu, ndipo walipoamini kabisa, kwa sababu mwenye dhahabu ndiye anayetoka mikono mitupu. Ilimchukua muda kuwaelewesha kwamba kazi yake ni kupima, kuchora na kupiga picha, na kuviacha vitu pale pale. Alikuwa akisema, "Mtungi ukiwa mahali ulipolala, unaniambia ulikuja na nani, ulipakiwa karibu na nini, na chombo kilianguka upande gani. Nikiutoa, ni mtungi tu, hata sokoni upo." Wale waliomjua walishasikia maneno hayo mara nyingi kuliko mahubiri.

Vichache alivyoruhusiwa kuvitoa kwa uchunguzi vilitakiwa kukaa ndani ya maji, na maji hayo kubadilishwa polepole hadi chumvi iliyoingia ndani itoke. Kwa hiyo nyumba yake ya Ukunda ilijaa mabeseni. Mwaka 2016 Mama yetu alikwenda kumtembelea. Kadzo akaenda kazini. Mama akatazama mabeseni, akaona vyombo vichafu vimelala majini, akasema moyoni, nimemlea vipi mtoto huyu? Alikunja kanga, akavisugua vyote kwa majivu na mchanga, akavisuuza, akavianika juani kwenye kichanja kama tufanyavyo hapa Taru. Chumvi ikakaukia ndani. Siku chache baadaye ile rangi nzuri ya kijani iliyostahimili bahari miaka mingi ikaanza kubanduka maganda.

Kadzo alikaa chini sakafuni. Mama akamwuliza, "Kwani nimekosea? Si vilikuwa vichafu?" Dada alimtazama, akafungua mdomo agombe, kikatoka kicheko. Tangu hapo kila alipofundisha wanafunzi alianza na kisa hicho, na kila kundi la wanafunzi lilipofika Ukunda liliomba kusalimiana na Mama. Jana nilimsomea Mama ukurasa huu ili anipe ruhusa. Akasema nisome, ila nisisahau kuandika kwamba vilikuwa vichafu kweli. Nimeandika, Mama.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkosesha dada yangu usingizi. Kwa Vigae kuna samaki, changu na tafi wa kushiba, na wavuvi hushusha nanga pale. Kila nanga iliyoshuka ilivunja kitu. Hakutaka wavuvi waondoke. Aliomba tu waweke maboya, wafunge mitumbwi kwenye boya na wavue kama kawaida, nanga isiguse chini. Mwenyekiti wa kamati ya wavuvi, Mzee Mbarak, alimsikiliza kwa adabu zote, akamjibu, "Mwanangu, sisi hatuli vyungu."

Hakuwa mkaidi bure. Siku nyingine alimweleza kinaga ubaga. "Tulikuwa na njia ya kushukia ufuoni, wakaja watu wakatia alama, baadaye wakatia ukuta. Leo nikitia boya Kwa Vigae, kesho atakuja mtu na karatasi aseme pale ni pake. Wewe nakuamini. Huyo atakayekuja baada yako simjui." Kadzo alirudi nyumbani akamwambia Seth kwamba kwa mara ya kwanza amepewa sababu asiyoweza kuijibu. Hakuwa na hati ya kumwonyesha mzee wala ahadi ambayo angeweza kuitimiza peke yake.

Alichofanya ni hiki. Alikwenda kwa fundi seremala wa Ukunda akatengenezewa sanduku la mbao lenye kioo chini, limezibwa kwa gundi. Ukiliweka juu ya maji na kuingiza uso, unaona hadi sakafu ya bahari. Msimu wa kaskazi, maji yalipokuwa maangavu, akaanza kuwapeleka watu wa Mwabungo Kwa Vigae kwa zamu, hasa akina mama, ambao maisha yao yote wamesimuliwa habari za pale na wanaume. Mama Biasha, mke wa Mzee Mbarak, ndiye aliyetangulia. Aliinama hadi kanga yake ikaingia majini, akapaza sauti, "Enyi wenzangu! Kumbe watu hawa walikuja na jiko lao! Mtungi ule si wa maji ule? Na yule pale amevunjika shingo, maskini, nani kamvunja?" Akainua uso akamtazama mumewe kwenye usukani. Mtumbwi mzima ukacheka, isipokuwa mtu mmoja.

Tangu siku hiyo Mzee Mbarak hakuwa na raha nyumbani kwake. Naye mwishowe aliingiza uso ndani ya sanduku, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alisema, "Nimeona. Lakini bado." Kadzo alilipokea hilo "bado" kwa furaha. Alituambia kwamba hakusema "hapana".

Mwezi wa Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Mombasa, akapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi tena. Daktari alimkataza kupiga mbizi, naye akatii, ila daktari hakusema lolote kuhusu sanduku la kioo, kwa hiyo Kadzo aliendelea kupanda mtumbwi na kuingiza uso. Alipodhoofika na kubaki ndani, Mzee Mbarak alimletea samaki kila wiki. Nilikuwapo baadhi ya siku hizo. Dada alimwuliza, "Wa Kwa Vigae hawa, baba?" Mzee akajibu ni wa Kwa Vigae. "Mmeshusha nanga?" Mzee akatazama mlangoni. "Kula, mwanangu, wapoe kwa nini?" Naye alikula kwa ajili yake, hata siku ambazo chakula hakikupita.

Alitutoka asubuhi ya Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025, nyumbani Ukunda, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Seth. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Inaniuma, ndugu zangu, na sitasema vinginevyo kwa sababu tu aliniagiza nichekeshe. Nilitaka azeeke. Nilitaka niuze mbuzi nikiwa kikongwe na yeye aje kuniuliza maswali.

Monicah Kadzo ameacha mama yake, Umazi, mumewe, Seth, watoto wake, Joan na Kitsao, ndugu zake, mimi Cornelius na dada yetu mkubwa Mbeyu, wapwa, mashangazi na wajomba, wanafunzi wake, na marafiki wa Ukunda, Diani, Kinondo na Mwabungo.

Orodha iliyo kwenye kijitabu mlichoshika inaishia hapo, kwa sababu kilichapwa Alhamisi. Jana, baada ya sala ya Ijumaa, kamati ya wavuvi wa Mwabungo ilikutana. Leo asubuhi, kabla hatujaanza, Mzee Mbarak, ambaye hakuwa amewahi kufika Taru maishani mwake, alinivuta kando nyuma ya turubai. Aliniambia kwamba leo hakuna mtumbwi hata mmoja ulioshuka majini Mwabungo, kama wafanyavyo wakizika mvuvi wao. Akaniambia pia kwamba wamekubaliana. Boya litawekwa Kwa Vigae, watalinunua wenyewe, watalitia majini wenyewe, na atakayekuja na karatasi atawakuta wao. Nanga haitashushwa pale tena.

Nilimwambia, "Mzee, laiti angesikia."  Akasema, "Aliniuliza mara nyingi, nami nikawa namwambia ale. Niandike kwenye orodha yenu, kijana. Niandike kwamba ameacha na baba, Mwabungo."

Mwenye kalamu aongeze. Lala salama, dada. Mungu akupe pumziko jema pale ulipo, na pasiwe na wa kukusumbua.