Regitze Holmskov na Sili Asiyesema Neno

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Regitze Holmskov anastaafu kutoka Studio ya Lærkehøj baada ya miaka thelathini na sita ya kazi, kasoro wiki tano. Hizo wiki tano ni likizo ambazo hakuwahi kuzichukua, na idara ya utumishi imemlazimisha azichukue sasa. Amelalamika sana.

Alifika tarehe 1 Agosti 1989, wakati studio nzima ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la baiskeli hapa Svendborg. Aliajiriwa kwa miezi mitatu tu, apige piano kwenye katuni fupi ya bata. Bata yule alimshinda kila mtu kwa kupendwa, na habari za kumwachisha Regitze kazi hazikusikika tena. Tangu hapo ametunga muziki wa filamu kumi na moja.

Kila mfanyakazi mpya alifanyiwa mchezo uleule. Regitze anaonyesha mchoro wa bwana mfupi anayevuka ua amebeba sanduku. Mara ya kwanza anaweka muziki wa kodiani, na wote wanakubaliana kwamba bwana anampelekea mchumba zawadi. Mara ya pili anaweka noti mbili nzito za besi. "Mwizi huyo!" aliwahi kupiga kelele Asger, mwongozaji wetu, na yeye ndiye aliyeagiza mchoro wenyewe. Hakuna mstari hata mmoja uliobadilishwa. "Haya," husema Regitze, "nani bado anadhani muziki ni wa kujazia kimya?"

Kabla ya kugusa piano, alimtaka mchoraji atembee kama mhusika wake. Mimi nimetembea kama bata bukini ukumbini mbele ya wakaguzi wa umeme. Mwaka 2003 nilimchora mbweha, nikajivunia ujanja wake. Regitze alimtazama anavyotembea, akasema, "Solvej, huyu si mjanja hata kidogo. Huyu anaogopa watu." Akampa zumari ya klarineti yenye kigugumizi. Nilinuna siku mbili, halafu nikamchora upya macho. Watoto walimpenda kwa woga wake.

Lakini kazi tutakayomkumbukia ni ile ya mwaka 2011. Abelone ni sili mzee, yule mnyama wa baharini mwenye masharubu, anayekata tiketi za feri, na tangu mwanzo hadi mwisho wa filamu hasemi neno. Karibu na mwisho, binti yake anapanda feri kuhamia mbali, na Abelone anabaki gatini peke yake. Regitze aliliandikia tukio hilo wimbo wa tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, wa polepole sana. Tuliusikiliza miezi minane. Wengine tulitokwa machozi.

Wiki sita kabla ya uzinduzi tuliwaalika watoto tisini wa chekechea waijaribu filamu. Feri ikaondoka, tuba ikaanza, na kwenye noti ya tano mtoto mmoja akaanza kuimba. Wenzake wakadakia. Kumbe ulikuwa wimbo wa siku ya kuzaliwa, ule tunaouimba sote hapa nchini tangu utotoni, umepunguzwa mwendo tu! Na kama desturi yetu ya hapa inavyotaka, walipomaliza ubeti wakajifanya wanapiga ngoma na tarumbeta kwa mikono mitupu. Abelone analia, ukumbi mzima unampongeza. Mwalimu wao akaniuliza kwa upole, "Kwani anatimiza miaka mingapi?"

Hapa kwetu anayeboronga huwaletea wenzake keki. Kesho yake Regitze alileta ya tabaka tatu, na juu yake alichomeka bendera ndogo za siku ya kuzaliwa.

Tulicheka, ila hali ilikuwa mbaya. Okestra ilishatawanyika, kwa hiyo kurekodi wimbo mpya hakukuwezekana. Nusu ya studio ilitia saini barua ya kutaka msimulizi aongezwe, awaambie watazamaji kwamba Abelone ana huzuni. Msimulizi angeingia, Abelone tuliyemkusudia angekufa pale pale. Angebaki sili wa katuni kama wengine. Asger akampa Regitze siku kumi.

Regitze alisikiliza upya kanda zote za kurekodi. Wimbo mwingine hakuupata. Alipata pumzi: Thorvald, mpiga tuba wetu, akivuta hewa kabla ya kupuliza. Aliufuta wimbo wote, akaiweka pumzi ile mara tatu, kisha kimya, kisha noti moja tu.

Tuliwaita tena watoto walewale. Nilikaa nyuma kabisa. Feri ikaondoka. Pumzi ya kwanza, ya pili, hakuna aliyeimba. Mtoto mmoja safu ya mbele akaanza kunong'ona. Ilipokuja pumzi ya tatu, msichana aliyekaa karibu naye akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza wewe! Anataka kusema."

Msimulizi hakuongezwa.

Regitze ana mipango tayari: kuoga baharini kila asubuhi, hata Januari, na kuifundisha kwaya ya wastaafu wa bandarini, ambao nawaonea huruma mapema. Kabla hajaondoka, kuna jambo nimelificha miaka kumi na minne. Ile barua ya kutaka msimulizi, niliyeiandika ni mimi. Nilikuwa nimemchora Abelone kwa miaka mitatu, mkunjo kwa mkunjo, na bado niliogopa kwamba hakuna atakayemwelewa. Regitze alimwamini sili wangu kuliko nilivyomwamini mimi.

Samahani, Regitze, na asante. Sote wa Lærkehøj tunakuombea afya, bahari tulivu, na miaka mingi ya kusikiliza muziki usiolazimika kuurekebisha.

Solvej Brandstrup, idara ya uchoraji