Cherehani ya Pazi Mwaka wa Elnino

Usinibishie, nilikuwepo kwa macho yangu mawili. Ni Bunda, mwaka ule wa Elnino, kijiwe cha kahawa cha Salum nyuma ya stendi. Pazi, fundi nguo, alifika anahema, sindano bado imechomekwa kwenye kola. Chumba chake cha kushonea kilikuwa bondeni, kando ya korongo, na korongo limeanza kunguruma. Mitumba ilishamlia wateja. Kilichobaki ni cherehani. Mkewe, Mwanahalima, alimtuma alete watu wa kuipandisha mlimani kwa shemeji yake.

— Jamani, njooni tubebe. Maji yanakuja.

— Kaa kwanza, Fundi, — akasema Machage, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. — Huko mlimani kuna radi. Radi na chuma ni mtu na mchumba wake, ikikiona inakifuata.

— Lakini mafuriko...

— Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Wewe ni mkondo?

Pazi hakutaka kukaa, ila kikombe kilishafika mkononi, na kahawa ya Salum hainywewi umesimama. Akakaa.

— Radi mchezo, — akasema Nyamhanga, aliyeitwa Injinia tangu abebe mawe ya barabara. — Tetemeko ndiyo hatari. Huu mlima umekaa juu ya mgongo wa kambare. Akijigeuza, Kibara yote inahamia kisiwani Ukerewe.

— Ulimwona? — Redio akauliza.

— Mkia tu.

— Ukame unawazidi wote, — akasema Salum akimimina. — Ule wa themanini na nne, nilionaga mamba pale Kibara anaomba lifti.

— Na mitumba je? — Pazi akauliza.

Wakalipima swali.

— Inatoka juu? — Injinia akauliza.

— Inashuka kwenye lori, — akajibu Salum.

— Basi iko kundi moja na mvua ya mawe, — Redio akakata shauri.

Korongo likanguruma tena. Pazi akainuka nusu.

— Mwenda pole hajikwai, Fundi. Bado hatujawajadili nzige! — akasema Redio.

Ndipo Mwanahalima akatokea, kanga imelowa mpaka magotini, amejitwika kichwa cha cherehani.

— Asalaam aleikum. Miguu ya chuma bado iko ndani, maji yamefika kwenye pedeli. Nani anakuja?

Injinia akatazama mawingu. Redio akachungulia kikombe. Salum akapangusa birika lililokuwa safi. Pazi alishatimua mbio kuteremka bondeni.

Mimi nikamfuata, nikaingia majini, tukaitoa ile miguu yeye huku, mimi huku.

Yote hayo ni kweli tupu. Hapo mwisho tu nimeongeza: aliyeshika upande wa pili alikuwa Mwanahalima. Mimi kahawa yangu ilikuwa haijaisha.