Nilifunguliwa kwa Umeme

Asifiwe Bwana, ndugu zangu wa Temeke. Asifiwe hata na mtu kama mimi, ambaye kumsifu kwake hakuji kwa urahisi.

Wengi mnanijua. Mimi ni Damari, mke wa Elieza, yule karani wa bandarini. Ninyi mliohamia karibuni mmesikia habari zangu kwa kunong'onezwa, na ninajua mnaniitaje nikishapita. Leo zisikieni kwangu mwenyewe. Mzee wetu wa kanisa, Mzee Yeremia, ameniomba tangu niliporudi nisimame hapa nieleze jinsi maombi yenu yalivyonifungua. Nilikuwa nakataa. Leo nimekubali kusimama, lakini sitasema alivyotaka.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke kama wanawake wengine hapa. Nilishona magauni kwa cherehani ya mkono, na niliwafundisha watoto nyimbo siku za Jumapili. Haya nayasema kwa kuwa nimeambiwa. Mimi mwenyewe siyakumbuki, na sababu yake mtaisikia.

Nilijifungua binti, tukamwita Tabitha. Siku chache baadaye usingizi ukanikimbia. Chakula nikakiona kama udongo. Kisha nikaanza kusikia sauti ikiniambia kwamba mtoto yule si wangu, kwamba wangu amechukuliwa na huyu ameletwa badala yake. Asubuhi moja nilimlaza uani juani, nikamwacha analia, nikashuka mpaka Mtoni. Watu walinikuta nimezama matopeni hadi kiunoni, nikisema namtafuta mwanangu. Ndugu zangu, sikuwa nadanganya. Nilikuwa namtafuta kweli.

Dada yake Elieza akaja kumchukua mtoto, akaenda naye kwake Kinondoni. Mimi mkanichukua ninyi.

Mlisema ni pepo. Mlinifunga kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, chumba cha nyuma. Mkaamua nifunge kula pia, ili pepo akose nguvu. Mlikuja kwa zamu, mkaimba, mkanipiga nyayo kwa fimbo mkimwamuru atoke. Ninawaona baadhi yenu mmeinamisha vichwa. Inueni vichwa, sikuja kuwataja kwa majina. Mzee Yeremia alinieleza baadaye kwamba hakunipiga mimi, alimpiga yule aliyekuwa ndani yangu. Lakini nyayo zilizopasuka zilikuwa zangu, Mzee. Na aliyelia ni mimi.

Katika siku zile zote, aliyenipa chakula ni Bi Mwanaidi, jirani yetu, ambaye haingii kanisa hili wala lingine lolote. Ninyi mkiondoka, alipitisha kikombe cha uji dirishani, akaninywesha polepole kwa mkono wake. Siku moja alimngoja Elieza mlangoni akitoka kazini. Maneno aliyomwambia, Elieza hajayasahau.

"Baba Tabitha, mnamwua huyu. Mpeleke kwa madaktari akiwa bado anapumua."

Elieza alikuwa mtu wa kuwaogopa wazee. Siku ile aliwaogopa kidogo kuliko alivyoogopa kunizika. Akanikata kamba, akanipeleka hospitali ya serikali mjini, na huko wakaagiza nipelekwe bara, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Tulikwenda kwa gari moshi. Mlipopata habari mlisema Elieza amekosa imani.

Ndugu zangu, msidhani huko nilikuta paradiso. Nilikuta ukuta mrefu na wanawake walionyolewa vichwa. Na nilikuta umeme.

Hakuna aliyenieleza kitu. Tulipangwa kwenye benchi nje ya chumba, na kila mmoja aliyeingia tulimsikia akiguta mara moja tu, kisha kimya. Ndipo anaitwa anayefuata. Zamu yangu ilipofika walinilaza juu ya meza. Wakaniwekea kipande cha mpira mdomoni nisiukate ulimi. Wauguzi wakanishika mabega, nyonga na magoti. Daktari Mzungu akanibandika vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi hapa na hapa, pande mbili za kipaji cha uso, na waya zake zikatoka kwenye kasha la mbao. Baada ya hapo sijui. Nilizinduka taya likiniuma, nguo zimelowa mkojo, na nilipoulizwa jina langu sikuwa nalo.

Walinirudisha kwenye meza ile tena na tena. Niliomba Mungu aniue kabla zamu yangu haijafika. Hakuniua. Nilimchukia, ndugu zangu, nasema mbele ya madhabahu yake.

Kisha asubuhi moja nikasikia harufu ya ugali unaosongwa, nikaona njaa. Njaa ya mtu mzima wa afya! Niliomba chakula, nikala, nikaomba tena. Nikasikiliza, na ile sauti haikuwepo. Mwuguzi mmoja alikuwa akikusanya sahani. Nikamwuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Safari hii sikumaanisha mwingine aliyechukuliwa; nilimaanisha Tabitha niliyemwacha uani. Nilimwuliza kuhusu mwanangu. Akaweka sahani chini, akaenda kumwita daktari.

Hapo ndipo nilipofunguliwa. Kwenye sahani ya bati, na maziwa yangu yamekwisha kukauka siku nyingi.

Elieza alikuja kunichukua. Ndani ya gari moshi nikamwuliza kama mama yangu hajambo huko nyumbani. Alinitazama, kisha akageukia dirisha. Mama alikuwa amekufa kabla Tabitha hajazaliwa. Nilikwenda kumzika, nilimwosha kwa mikono hii, na umeme ulikuwa umeyafuta yote. Nikalia msiba uleule mara ya pili, kati ya abiria, na watu wakamwuliza mume wangu huyu ana nini. Harusi yangu siikumbuki. Uso wa Tabitha alipozaliwa siukumbuki. Daktari alisema huenda mengine yatarudi. Machache yamerudi, hasa yale ya matopeni na ya kamba.

Na Tabitha? Mama yake ni yule wa Kinondoni. Mimi ananiita "mama wa Temeke." Nikimfungulia mikono anajificha nyuma ya shangazi yake. Mume wangu ni mtu mwema, lakini mpaka leo akitoka anaondoka na visu vya jikoni, na hajawahi kuniacha na mtoto peke yangu. Simlaumu. Naumia tu.

Sasa mnasubiri niseme nashukuru. Nashukuru. Nina akili zangu, na ningeikubali meza ile tena kuliko kurudi kwenye matope ya Mtoni. Mungu alinitoa. Alinitoa kwa mkono mgumu, kwa watu wasionieleza lolote, na kwa gharama ambayo sikuulizwa kama ninaitaka. Huo ndio ushuhuda wangu, sina mwingine mzuri zaidi.

Lakini sikusimama leo kwa ajili yangu. Ndugu Stefano ameketi pale, karibu na nguzo. Mkewe Rahel amejifungua juzi juzi. Leo hayupo hapa, na mmetangaziwa kwamba ana homa. Jana nilipita nyuma ya nyumba yao nikasikia anaimba peke yake, na sauti ile naijua. Wazee wamemfungia. Wamekwisha kumnyima chakula.

Stefano, ndugu yangu, kaa, sikugombezi. Najua unampenda. Najua umeambiwa kwamba kumpeleka hospitali ni kumkana Bwana. Nakuambia mimi niliyetoka huko: Bwana yuko huko pia. Nilimtukana huko, na hakuniacha.

Wapendwa, mnaomtumaini Mungu, mtumainini leo kwa miguu. Elieza amesema atakwenda na Stefano mpaka hospitali ya mjini, na akina mama wawili wamekubali kumlea mtoto, ila alelewe hapahapa jirani, apelekwe kwa mama yake kila anapoweza kumwona, asije akakua akimwita kwa jina la mtaa. Mimi sitangoja wimbo wa mwisho. Naenda kwa Rahel sasa hivi.

Stefano, nipe ufunguo.