Farasi wa Mwisho Kwenye Mkanda

Bwana asifiwe, ninyi mliotulia na ninyi mlio safarini. Naandika haya nikiwa nimeketi kwangu Timbwani, na huko kuketi, ndugu zangu, ndio ushuhuda wenyewe.

Nilitoka Bungoma nikiwa kijana, cheti cha kidato cha nne kikiwa ndani ya bahasha ya kaki. Basi likanishusha Nairobi, nikapaka rangi nyumba za watu hadi mji ukanichosha. Nikateremka Mombasa, nikavuka kwa feri kwenda kumtazama binamu yangu aliyekuwa akiishi Bofu. Jumapili hiyo nikamsikia Rhoda akiimba kwenye kwaya, nikabaki, nikaoa. Lakini mtoto wetu Neema alipoanza kutembea, miguu yangu ikaniwasha tena. Wakala mmoja akanipatia kazi Ghuba, huko Uarabuni. Nikapanda ndege, nikashuka kwenye joto linalochoma pua, nikapewa ufagio na nguo za buluu. Hapo ndipo njia yangu ndefu iliponifikisha: bustani kubwa ya starehe, yenye bembea zinazopita juu ya mapaa, na katikati yake farasi wa mbao wanaozunguka kwa muziki.

Nilifagia kuwazunguka farasi hao kwa miaka. Ndugu zangu, mfagiaji haonekani. Watu hukupita kama wanavyopita nguzo. Kisha siku moja msimamizi akatuvisha shingoni mikanda iliyochomekwa beji ndogo za chuma zenye picha za rangi, na akatupa sheria moja: mgeni akija na beji yake akaomba kubadilishana, mfanyakazi aliyevaa mkanda hana ruhusa ya kukataa.

Kuanzia siku hiyo nikaonekana. Wageni walinifuata, wakainama kutazama kifua changu, wakanisalimu kwa jina. Nikawajua wale wanaokusanya beji. Palikuwa na mzee aliyevaa kizibao chenye beji nyingi hata mabega yakainama. Palikuwa na mama aliyeruka kutoka nchi ya mbali kwa sababu ya beji moja, akapanga foleni kabla lango halijafunguliwa, akaipata, akalia, akarudi uwanja wa ndege jioni ileile. Sikuwacheka. Beji nyingine hutengenezwa chache tu, na zikiisha zimeisha. Yule mama alikuja pale mara ya kwanza na mumewe, na mume alikuwa amefariki. Alichokuwa akitafuta nilikielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe.

Kila msimu bustani ilitoa beji ya farasi mmoja. Niliwapata wote, hata yule mweusi wa mwisho mwenye tandiko la dhahabu, ambaye wafanyakazi tulipewa mmoja mmoja kama shukrani. Nilimvaa kwa fahari asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana mgeni akaja na beji ya kawaida, akamnyooshea kidole farasi mweusi. Sheria ni sheria. Nikamchomoa, nikatabasamu, nikampa. Mwaka huo mkataba wangu ukaisha, nikarudi nyumbani na nafasi tupu kwenye mkanda.

Rhoda alinipokea vizuri. Lakini nikiwa mezani nilikuwa nasikia ule muziki wa farasi. Nilikuwa nimeitamani Likoni, huku kwetu ng'ambo ya feri, miaka yote nikiwa Ghuba, na sasa nikiwa Likoni nilitamani Ghuba. Nikamwambia mke wangu, "Nikimpata yule mweusi nitatulia."

"Na usipompata?" akauliza.

Ndipo nilipogundua soko la Kongowea. Nguo za mitumba hutoka nchi za watu, na mara nyingine kofia au begi huja na beji bado imechomekwa. Siku za kufungua marobota nilikuwa wa kwanza kufika. Wakati wanawake wanavuta magauni, mimi nilipapasa kola na mifuko. Wauzaji walinipa jina. "Mzee wa Vifungo kaja!" walisema. "Jamani, nguo mwachieni mwenye mwili, huyu anataka kifungo tu!"

Pale nikampata mwenzangu, Kazungu wa Kisauni, aliyewahi kufanya kazi hotelini. Naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa huohuo. Meli za watalii zikitia nanga, Kazungu husimama karibu na lango la bandari na mkanda wake shingoni, juani, akingoja mgeni mmoja mwenye beji. Alinifundisha kusafisha kutu kwa ndimu na majivu. Tulipendana. Lakini kazi za rangi zilinipita, na siku ya kumpeleka Neema shule ya bweni kidato cha kwanza, nilisema napitia Kongowea mara moja, nitawakuta stendi. Rhoda aliliburuta lile sanduku la bati peke yake. Neema alinitafuta kwa macho hadi basi likaondoka. Hilo niliambiwa na mwenye kibanda cha maji, si na wao.

Nilienda kanisani. Nikaombewa roho ya kutangatanga initoke. Ndugu mmoja akashauri beji zichomwe moto. Nikatoka pale nikampigia wakala simu. Akaniambia bustani ileile inataka wafagiaji, tunaondoka Jumamosi. Nikafungasha mkoba, nikauweka mlangoni.

Rhoda akautazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba Neema, mara ya kwanza nilikungoja. Ukivuka safari hii, usigeuke. Sitakuwa nangoja."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, ndugu zangu. Nyumba yangu ilikuwa imebakiza siku chache, na mimi nikijua.

Alhamisi asubuhi nikaenda kununua mahamri kwa Bi Mwanakombo, jirani yetu mwenye umri wa kunizaa. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akainua uso kuniitikia, "Marahaba, baba." Na chini ya kidevu chake, pale alipoubania mtandio wake, nikamwona farasi mweusi mwenye tandiko la dhahabu.

Nikamnyooshea kidole. "Bibi, hiyo umeipata wapi?"

"Hii? Ilikuwa kwenye koti la mtumba la mjukuu wangu. Kwani vipi?"

Nikamweleza yote, palepale, watu wakiwa kwenye foleni. Nikamweleza hata ile sheria, kwamba aliyevaa akiombwa hakatai. Akacheka mpaka machozi. "Sheria gani hiyo ya kuvuana nguo! Basi nami nimevaa, nawe waniomba. Tukatae tena?" Akamchomoa, akaniwekea kiganjani. Hakutaka kitu.

Nilikimbia nyumbani. Nikamchomeka farasi kwenye nafasi yake. Mkanda ukajaa. Nikakaa kitandani, nikangojea kutulia.

Sikutulia. Nilimtazama farasi, nikautazama mkoba, na moyo wangu ulikuwa bado unauelekea mkoba. Siku ile yote nilizunguka kama mtu aliyesahau alichotumwa.

Asubuhi ya Ijumaa nikapita tena kwa Bi Mwanakombo. Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponikamata. Yule mama alikuwa akiuza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa chini ya kidevu, umeushika mtandio usiteleze. Alichota mbaazi kwa mkono mmoja, akafunga mahamri kwa mkono mmoja, akisaidia na kiwiko. Nilikumbuka nilivyotabasamu kule Ghuba huku roho ikiniuma, nikaona nimemtendea mwenzangu lile nililotendewa. Ila yeye alitoa kwa furaha.

Nikarudi mbio, nikaleta mkanda mzima. "Bibi, chukua farasi wako."

"Nishatoa, baba. Kitu nilichotoa hakirudi mkononi mwangu."

"Basi chagua nyingine. Yoyote."

Akazipitia zote kwa kidole, zile adimu kama zile za kawaida, akiijaribu kila pini kwa ukucha. Akachagua ya njano yenye mkwaruzo, ambayo hata Kazungu aliikataa. Akaubania mtandio, akatikisa kichwa huku na huku. "Hii yabana. Ile yako ilikuwa ikinilegea." Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Kisha akaniuliza, "Nasikia una safari kesho. Sasa waenda kufuata nini, na farasi ushampata?"

Nikaanza kuukunja mkanda. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Mjibu basi, mbaazi zapoa."

Sikumjibu yeye. Nilienda nyumbani nikapiga magoti kati ya kitanda na mlango, nikamjibu Mungu. Nikamwambia, "Sifuati kitu. Naogopa kukaa mahali nisionekane." Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo. Nililia kama mtoto, na nilipomaliza, palikuwa kimya. Ule muziki haukuwepo. Kwa mara ya kwanza nikasikia vyombo vya jirani vikioshwa, nikavisikiliza.

Rhoda aliporudi kutoka kazini kwake, kiwandani Changamwe, alikuta mkoba ukining'inia mtupu. Akayatazama mashati yangu kitandani. "Haya mbona yametoka?"

"Hayaendi popote."

Akaliokota shati la juu. Kisha akasema, "Basi yakunje vizuri. Na kesho wewe ndiye utakayeenda Kongowea kuleta nyanya."

Jumamosi nilienda. Nilimtafuta Kazungu kwanza, nikamvisha mkanda wangu shingoni, farasi wote wakiwa juu yake. Akauzuia kwa mikono miwili. "We, usinichezee. Utarudi kuudai." Nikamwambia sitarudi. Machozi yakamlengalenga, akaanza kuwataja farasi mmoja mmoja, na sikumwona mjinga hata kidogo. Namwombea mpaka leo, na huja kwetu kula.

Nilipompa kisogo, nyuma yangu wakakata utepe wa robota jipya. Ule mlio naujua. Mtu akaita, "Mzee wa Vifungo, kofia hizo!" Miguu ilisita. Nikasema, "Bwana, nishike," nikatembea hadi kwenye nyanya, nikazichagua moja moja, ngumu za kukaa wiki, nikatoka sokoni upande wa barabara, nisipite tena penye mitumba.

Ndugu yangu unayesoma, namshukuru Mungu aliyeniona nikiwa na ufagio kabla sijavaa mkanda wowote. Sijui wewe unatafuta nini, na sikucheki. Mwambie yeye jina la kile unachokiogopa, kisha ungoje. Na ukivuka kuja Likoni, ulizia Timbwani nyumba ya Baba Neema. Njoo siku yoyote. Utanikuta.